Ndege Iliyokalia Mkia

Katika miaka yake yote ya upelelezi, Inspekta Musembi hakuwa amewahi kuitwa kuchunguza wizi wa kitu ambacho bado kilikuwa juu ya meza ya mwenyewe.

"Ndiyo hii?" aliuliza.

"Si hii," Mzee Ndolo akajibu. "Hiyo ndiyo shida, Afande. Si hii."

Mezani palikuwa na ndege ya kivita ya mbao, ndefu kupita mkono wa mtu kutoka kiwikoni hadi vidoleni. Mabawa yake yalilalia nyuma, mwili ulikuwa wa kijivu na kijani, na ubavuni palikuwa na nambari zilizoandikwa kwa mkono usiotetemeka. Ilikuwa nzuri, hilo Musembi hakulikana. Ila ilikuwa imekalia mkia, pua juu, kama mbuzi anayefikia majani ya mti. Mzee Ndolo akaibonyeza pua kwa kidole, gurudumu la mbele likagusa meza. Alipotoa kidole, ndege ikarudi polepole kukalia mkia.

"Umeona? Yangu haikai hivi. Yangu nilitoboa pua, nikayeyusha risasi ya betri mzee, nikamwaga ndani. Bila hiyo uzito, ndege ya magurudumu matatu inalala nyuma. Mtu hajawahi kutengeneza ndege hawezi jua."

Musembi alivuta kiti akaketi. Alikuwa ametoka Kitui mjini asubuhi ile na Sajini Yarow, mtu wa Mandera, mrefu, mwenye subira ya wafugaji na ulimi mkavu. Walikuwa wametarajia kukuta mlango uliovunjwa. Badala yake walikuta boma lililofagiliwa hadi likaonyesha mistari ya ufagio, sufuria zinazong'aa juani hata zikaumiza macho, majembe yaliyooshwa mipini, na mbwa aliyenuka sabuni na ambaye, kwa kweli, alionekana kuona haya. Mama wa nyumba, Muthoki, ambaye kila mtu kijijini Tulia alimwita Mama Ndila, aliwasalimia kupitia dirisha la jikoni na hakutoka nje. Chai ililetwa na binti yake, Ndila.

Musembi alipenda chai, na alipenda zaidi kesi isiyo na maiti. Akakwaruza bawa la ndege kwa ukucha. Rangi ikabanduka pande kubwa, laini, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Chini yake mbao ilikuwa nyeusi na inang'aa. Akaisogeza puani kwa Yarow.

"Kiatu cha gwaride," Yarow akasema.

"Rangi ya viatu," Mzee Ndolo akaunga mkono kwa hasira. "Wachongaji wa twiga na vifaru, hao hawawezi kuacha mbao uchi. Wakimaliza kuchonga tu, mkono unaenda kwa mkebe wa rangi ya viatu wenyewe. Sasa rangi ya gari itashika wapi juu ya mafuta? Na mchongaji anayeingia hapa kwangu ni mmoja. Kiilu."

Sinia ya chai ikagonga ukingo wa meza. Ndila aliinama akaanza kupangusa mahali ambapo hapakuwa pamemwagika kitu.

"Na huyo Kiilu ndiye analeta mbuzi za ntheo hapa Jumamosi," mzee akaendelea, bila kumtazama binti yake. "Nimesema na narudia. Mpaka ndege yangu irudi, hakuna mbuzi itaingia kwa hiyo lango. Siozeshi mwizi mtoto."

Musembi hakuhitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. Kwa Wakamba, kijana anaweza kuwa na pete na baraka za mchungaji, lakini kama mbuzi za ntheo hazijafika kwa wakwe, bado hajaoa. Alimtazama Ndila, akaona macho mekundu ya mtu ambaye hakulala. Akamhurumia.

"Niambie yako ilikuwaje, Mzee. Yote, kutoka mwanzo."

Mzee Ndolo alifumba macho. Alikuwa fundi wa ndege katika kambi ya Nanyuki kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na tangu alipostaafu, mikono yake haikujua kukaa bure.

"Inchi moja yangu ni futi mbili za ile yenyewe. Mbao ni mukau. Nimepiga msasa, nikapaka rangi, nikapiga msasa tena, mpaka ukipitisha kidole unafikiri ni yai. Halafu nikachora maungio ya mabati, moja moja. Kwa ncha ya bawa la kushoto kuna kibomba cha kupima mwendo wa ndege. Hicho nilitumia sindano ya kushonea, nikakata jicho. Halafu ndiyo kazi kubwa ikaanza, kuichafua."

"Kuichafua?" Yarow aliweka kikombe chini.

"Sajini, ndege ya kazi si bibi harusi. Inapiga bunduki, inatoka moshi, inakanyaga vumbi. Nilichukua masizi ya taa nikapaka kwa matundu ya mizinga. Vumbi ya huku nyumbani kwa magurudumu. Na chini ya tumbo..." Sauti ya mzee ikalegea. "Chini ya tumbo niliweka doa ya mafuta. Hiyo ndege yenyewe, nambari hiyo hiyo, ilikuwa yangu kuitunza, na ilikuwa inavuja. Nabadilisha sili ya mpira, inavuja. Nabadilisha tena, inavuja. Kila asubuhi mkubwa ananiuliza mbele ya mafundi wote, 'Ndolo, mtoto wako bado anakojoa kitandani?' Nimestaafu hiyo doa ikiwa hapo. Nikaipaka kwa yangu na unyoya wa kuku, pole pole. Ilibaki vanishi ya mwisho tu."

"Ulipaka hiyo vanishi?"

"Ilikuwa imeisha. Nilienda kutafuta Machakos, nikakaa kwa mpwa wangu karibu wiki nzima. Nimerudi jana, nikafunua kitambaa, nikakuta huyu mgeni amekalia mkia."

"Hapa alibaki nani?"

"Mama Ndila na Ndila. Na huyo mchumba anaingia akitoka. Lakini pia andika Mutiso wa duka. Alinisumbua mwaka mzima akitaka hiyo ndege, ati akawauzie watalii barabara ya Mombasa, huko Kibwezi."

Musembi aliigeuza ndege ya kuiga juu chini. Nambari zilikuwa sawa, mzee mwenyewe alikubali. Maungio ya mabati yalikuwa mahali pake, hata kovu dogo kwenye mkia ambalo Ndolo alisema alilichonga makusudi lilikuwepo. Lakini tumbo lilikuwa safi kama sahani. Matundu ya mizinga hayakuwa na masizi. Na ncha ya bawa la kushoto ilikuwa butu, haina sindano wala tundu la sindano. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kikombe cha pili.

*

Mutiso wa duka alikuwa mtu wa tumbo na tabasamu, na siku ile tabasamu lilichelewa kuja. Yarow alizunguka nyuma ya kaunta bila kuombwa. Kwenye kona, chini ya gunia, ncha ya bawa ilikuwa imechungulia.

"Inspekta," aliita.

Mutiso akafunika uso kwa viganja. Yarow akavuta gunia, na wote watatu wakabaki wakitazama ndege ya mabati ya mikebe ya mafuta ya kupikia, yenye bawa moja refu kuliko jingine na jicho kubwa la rangi nyekundu mbele. Ilifanana na panzi aliyekanyagwa.

"Ni mimi nimetengeneza," Mutiso akasema kwa aibu. "Mzee alikataa kuniuzia yake, nikasema, kwani ni ngumu aje? Sasa mnaona vile imetoka. Tafadhali msimwambie."

Musembi alimeza kicheko, akamwahidi. "Kuna mtu alinunua rangi hapa majuzi?"

"Kiilu. Kijivu na kijani, alikuja mbio kama mtu nyumba yake inaungua. Na kama mnataka sabuni, sina. Mama Ndila amemaliza yote, ati wageni wa Jumamosi. Huyo mama anaosha kila kitu. Ameosha mpaka mbwa!"

"Nimemwona huyo mbwa," Musembi akasema, na kwa sababu fulani alitoka dukani akipiga mluzi.

Ndani ya Landrova Yarow alimkabili. "Umefurahi nini? Mtu wetu ni huyo Kiilu. Rangi ni yake na hayo mafuta ya viatu ni mkono wake."

"Mkono ni wake, nakubali. Lakini, Sajini, wewe ukiiba ngamia, unamwachia mwenyewe ngamia wa mbao?"

"Naondoka na ngamia."

"Mwizi anaacha mahali patupu. Anayeacha kitu kingine hapo hataki mwenyewe aumie. Sasa sikia la pili. Kiilu ameiga kila kitu, mpaka kovu la mkia. Kwa nini hakuiga masizi? Kwa nini hakuiga doa? Sindano je?"

Yarow alifikiri, akavuta ndevu zake fupi. "Hakuviona."

"Hakuviona kwa sababu havikuwepo. Alipokaa kuiiga, ndege ya mzee ilikuwa tayari imetakata."

*

Kiilu walimkuta kwenye banda la wachongaji, amezungukwa na twiga wa kila kimo, akipiga patasi bila moyo. Alikuwa kijana mpana wa mabega, na alipoona magwanda aliweka patasi chini na kunyoosha mikono yote miwili mbele.

"Nifungeni tu, Afande."

"Punguza haraka. Ile ndege ni wewe umechonga?"

"Ni mimi."

"Na ya mzee iko wapi?"

"Siwezi kusema."

"Ilikuwaje?"

"Siwezi kusema. Ndila alinijia akilia, nikachonga. Nilikuwa nataka mzee asiumie. Hiyo rangi ya viatu, hata sijui nilipaka saa ngapi, nilishtuka nimeshamaliza, na mbao ingine sina. Basi. Niandike mimi."

"Ukifungwa, Jumamosi mbuzi zitaenda wapi?"

Kijana akazidi kunyoosha mikono. Yarow aligusa pingu kiunoni. Musembi akamzuia kwa macho, akakaa juu ya gogo.

"Nitakuuliza mambo matatu. Ni Ndila aliyeharibu?"

"Hapana." Kiilu alimtazama usoni.

"Ni mzee mwenyewe?"

Kijana karibu acheke. "Hapana, Afande."

"Basi labda ni Mama—"

Hakumaliza. Kiilu alikuwa amegeuka mgongo, ameinama, anaokota vumbi la mbao chembe kwa chembe kama kuku. Masikio yake yalikuwa yamewaka moto. Musembi alisimama akajipangusa suruali, ameridhika kama aliyeshiba.

"Hajakujibu," Yarow alinong'ona walipofika kwenye gari.

"Amenijibu vizuri sana. Sajini, kwetu mama mkwe hachezewi. Ukikutana naye njiani, unaingia kichakani mpaka apite. Humpi mkono, huli naye, jina lake hulitaji. Tunaita nthoni. Sasa huyu kijana amshtaki mama mkwe wake kwa polisi, siku mbili kabla ya ntheo?"

Yarow alitikisa kichwa polepole. "Bora jela."

"Bora jela," Musembi akakubali. "Mwambie apande gari. Na abebe subira."

*

Mzee Ndolo alipoona Landrova ikirudi na Kiilu ndani, uso wake ulijaa ushindi na huzuni kwa pamoja. Kiilu alishuka, akaona jiko, akaenda moja kwa moja kusimama nyuma ya ghala la mahindi, mgongo kwa jikoni. Ndila alikuwa mlangoni, mikono ameikumbatia kifuani. Alikuwa anasubiri kusikia kama ataolewa au hataolewa, na hakuna aliyemwambia lolote.

"Umemshika," mzee akasema.

"Kwanza nioshe mikono, Mzee. Huko kwa wachongaji kuna vumbi."

Musembi alienda kwenye uchaga wa vyombo, ule wa miti uliokuwa nyuma ya jiko. Hapo palikuwa na beseni, kipande cha sabuni, na dodoki kubwa kuukuu lililokauka juani. Akalichukua. Nyuzi zake zilikuwa na weusi wa masizi kwa ndani, na hapa na pale punje za kijani ambazo hazikutoka kwenye sufuria yoyote. Akalikamua kwa nguvu ili alione vizuri.

"Aii!" Akaruka. Tone la damu lilikuwa limechomoza kwenye kidole gumba.

Kwa uangalifu akapanua nyuzi, akachomoa kitu chembamba kinachometameta, akakileta na kukiweka kwenye kiganja cha Mzee Ndolo.

"Hii ni sindano ya nani?"

Mzee aliiinua kwenye mwanga. Jicho la sindano lilikuwa limekatwa na kupigwa tupa. Aliitambua kabla hajaigeuza.

"Hii ni kibomba changu. Cha bawa la kushoto." Akatazama dodoki. Akatazama beseni, majembe yaliyooshwa, mbwa.

Kisha sauti ikatoka dirishani mwa jiko, ndogo mno kwa mwanamke aliyezoea kuongoza akina mama wa kanisa.

"Niliiosha."

"Uliosha nini?" mzee akauliza, ingawa alijua.

"Ndege. Baba Ndila, wageni wanakuja, naangalia kwa rafu naona kitu imejaa masizi na mafuta. Nikasema watu wa upande ule watanionaje? Ati huyu mama anakaa na uchafu hivi? Nikaiweka kwa beseni. Nikaona uchafu unatoka vizuri, nikafurahi, nikasugua. Nani angejua mtu mzima anaweza kaa chini apake kitu uchafu makusudi?"

"Si ungeniambia nikirudi!"

"Ndila alinikuta akapiga nduru, ndiyo nikajua nimefanya nini. Miezi yote hiyo ulikuwa unaongea na hiyo ndege kuliko unavyoongea na mimi. Nikaogopa. Huyo mtoto wa watu hana makosa, nilikusikia ukimwita mwizi, na mimi nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Mama Ndila akatoka, leso ameivuta mbele ya uso upande wa ghala, amebeba kitu kilichofungwa kitenge. Alikuwa amekificha ndani ya pipa la mahindi. Akamkabidhi mumewe akarudi nyuma hatua chache, kichwa chini.

Mzee Ndolo alifungua kitenge. Ndege ilikaa juu ya kiganja chake sawasawa, pua mbele, nzito inavyotakiwa. Rangi ilikuwa imefifia mabegani mwa mabawa, nambari moja imechubuka, masizi hayapo. Akaigeuza juu chini na kulitazama tumbo. Ndila akasogea karibu. Nyuma ya ghala, mgongo wa Kiilu ulikuwa umekakamaa kama gogo la mukau.

"Doa imeenda," mzee akasema.

"Nilisugua sana hapo," Mama Ndila akanong'ona. "Ilikuwa imeshika."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Musembi alifikiri analia, akajiandaa kutazama pembeni kwa heshima. Lakini mzee aliinua uso, na machozi yaliyokuwepo yalikuwa ya kicheko.

"Mimi, na mafundi wote wa Nanyuki, na vitabu vya Waingereza! Miaka yote tumepigana na hiyo doa ikatushinda. Wewe umechukua dodoki, asubuhi moja tu!" Akajipangusa macho kwa mkono wa shati. "Mama Ndila, wangeandika wewe kazi, mimi wangeniacha nyumbani nikuze mahindi."

Yarow, ambaye hakuwahi kuonekana akicheka kazini, aligeuka akaanza kukagua tairi la Landrova kwa bidii kubwa.

"Wewe nyuma ya ghala!" mzee akapaza sauti. "Kuja hapa. Lete hiyo ndege yako mezani nikuonyeshe mahali risasi inaingia. Mtu wa kwangu hawezi kuchonga ndege inakaa kwa makalio."

Kiilu hakusogea. Ndila ndiye aliyemgusa mama yake kiwiko, na Mama Ndila, akicheka sasa ndani ya leso, akaingia jikoni na kufunga mlango. Hapo ndipo kijana akatoka mafichoni, akapita mbele ya mbwa na sufuria zote zile, akasimama mbele ya baba mkwe wake bila kujua aweke mikono wapi. Mzee alimpa ndege iliyooshwa aishike.

Musembi alivaa kofia. Hapakuwa na mtu wa kupeleka Kitui, na kidole chake gumba kilikuwa kinawasha, na alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuiandikia taarifa. Alipofika langoni alisikia mzee akimwambia kijana neno la mwisho, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni.

"Na hizo mbuzi za Jumamosi, zilete na uchafu wao. Hapa kuna mtu wa kuziosha."